Soka la vyuo Marekani: Safari ya mtoto wa mhamiaji kwa mpira na daftari

KATIKA kata ya Mwankoko, Manispaa ya Singida, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za nchi hii, mtoto huanza soka kwa mpira wa matambara uliofungwa kwa kamba, na magoli ya mawe mawili. Mchezo huo wa chandimu hauna refa wala saa. Humalizika giza linapoingia, au mama anapoita. Baadhi ya watoto hao hufika kwenye mashindano ya UMITASHUMTA, wachache wakafika UMISSETA, na baada ya hapo wengi husikika tena wakiwa madereva wa bodaboda au wakulima wa alizeti.

Swali linaloulizwa na wazazi wengi ni lilelile: je, mtoto mwenye kipaji achague mpira au shule? Lipo eneo moja la mchezo huu ambalo swali hilo halina nafasi, kwa sababu mchezaji hawezi kukanyaga uwanjani bila kuwa mwanafunzi. Hilo ni soka la vyuo vya Marekani. Katika makala haya tunawaangalia vijana waliozaliwa au kukulia Afrika Mashariki, wengine kambini, wakavuka bahari na kufika huko, pamoja na vizingiti walivyokutana navyo.

Kutoka Mombasa hadi Seattle

Handwalla Bwana alizaliwa Mombasa, Kenya, Juni 1999, katika familia iliyokimbia vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Somalia. Sehemu ya utoto wake aliiishi katika kambi ya wakimbizi nchini Kenya. Mwaka 2010 familia hiyo ilihamia Marekani, na baadaye ikaweka makazi katika jiji la Seattle, jimbo la Washington, kaskazini-magharibi mwa nchi hiyo.

Mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja anayefika nchi ya ugenini hukuta mambo mawili magumu kwa wakati mmoja. La kwanza ni lugha ya darasani. La pili, ambalo wengi hawalitarajii, ni gharama ya mpira wenyewe. Kwetu soka ni mchezo wa mtoto wa maskini. Marekani, kwa miaka mingi, imekuwa kinyume: klabu za vijana huwatoza wazazi ada, sare hununuliwa, na safari za mashindano hulipiwa na familia. Mtoto wa mkimbizi, ambaye wazazi wake ndiyo kwanza wanatafuta kazi, anaweza kuwa na kipaji kuliko wote mtaani na bado asionekane na kocha yeyote.

Kilichomsaidia Handwalla ni kwamba milango miwili ilikuwa wazi. Alicheza soka ya sekondari katika Shule ya Ballard, ambayo ni ya umma, na aliingia katika akademi ya vijana ya Seattle Sounders, klabu ya Ligi Kuu ya Marekani (MLS). Mwaka 2017 alikuwa Chuo Kikuu cha Washington, akiichezea timu ya chuo iliyokuwa chini ya kocha Jamie Clark, kama mshambuliaji wa pembeni mwenye kasi na chenga.

Hapo ndipo soka la chuo lilipofanya kazi yake. Januari 2018, Sounders walimsajili moja kwa moja kama mchezaji aliyekuzwa nyumbani. Kanuni ya MLS inaruhusu klabu kumsajili kijana aliyepitia akademi yake hata baada ya kwenda chuo, bila kumpitisha katika uteuzi wa jumla ambao klabu huchagua kwa zamu wachezaji wanaotoka vyuoni. Mwaka huohuo alianza kuichezea timu ya kwanza. Alikuwa katika kikosi cha klabu hiyo katika msimu wa 2019, ambao Sounders walitwaa ubingwa wa MLS kwa kuifunga Toronto mabao 3-1. Oktoba 2020 alihamishiwa Nashville katika mabadilishano yaliyompeleka Jimmy Medranda Seattle.

Ipo hatari ya kuisimulia habari hii kana kwamba kila kitu kilitokana na juhudi za kijana mmoja. Juhudi zilikuwapo. Lakini palikuwa pia na shule ya umma isiyotoza ada, akademi iliyokuwa tayari kumpokea, na chuo kikuu katika jiji hilohilo alimoishi. Nguzo moja kati ya hizo ikiondolewa, kipaji kilekile kingeweza kuishia katika viwanja vya mtaani.

Mtoto wa Nyarugusu

Kwa msomaji wa Tanzania, mfano ulio karibu zaidi ni wa Bernard Kamungo. Huyu alizaliwa mwaka 2002 katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Alikaa huko hadi alipofikia umri wa miaka 14, na mwaka 2016 familia yake ilihamishiwa mji wa Abilene, Texas, ambako alisoma na kucheza soka ya sekondari.

Kamungo hakupitia chuo, na ndiyo maana kisa chake kinafaa kulinganishwa na cha Handwalla. Hakuwa na akademi wala klabu kubwa ya vijana nyuma yake. Alifika kwenye majaribio ya wazi ya North Texas, timu ya pili ya klabu ya FC Dallas, akafanya vizuri na kusajiliwa mwaka 2021. Mwaka 2022 alipandishwa FC Dallas. Agosti 6, 2023 alifunga bao dhidi ya Inter Miami ya Lionel Messi katika mechi ya Kombe la Ligi iliyokwisha kwa sare ya mabao 4-4, kabla ya Miami kushinda kwa mikwaju ya penalti. Januari 20, 2024 alivaa jezi ya timu ya taifa ya Marekani kwa mara ya kwanza, dhidi ya Slovenia.

Njia ya majaribio ya wazi ni kama kamari. Mamia hujitokeza, na aghalabu hakuna anayechukuliwa. Asiyechukuliwa hurudi nyumbani mikono mitupu. Anayepitia chuoni na asipate mkataba wa kulipwa, walau anaweza kuondoka na shahada. Tofauti hiyo ndiyo inayolifanya soka la vyuo kuwa na maana kwa familia ambayo haiwezi kumudu kushindwa mara mbili.

Waliotangulia

Afrika Mashariki imekwisha kupeleka wachezaji kadhaa kwa njia hii, na wengi wao hawakuanzia vyuo vyenye majina makubwa.

Lawrence Olum wa Nairobi alisoma na kucheza Chuo Kikuu cha Missouri Baptist, katika jiji la St. Louis. Chuo hicho ni kidogo, na kimo katika chama cha NAIA, ambacho husimamia michezo ya vyuo vidogo. Baada ya chuo alizunguka ligi za chini kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Sporting Kansas City, klabu iliyotwaa ubingwa wa MLS mwaka 2013 naye akiwa kikosini. Aliichezea pia timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars.

Micheal Azira wa Kampala alipitia Chuo Kikuu cha Mobile, jimbo la Alabama. Alikuwa na Charleston Battery ilipotwaa ubingwa wa ligi ya chini ya USL Pro mwaka 2012, na mwaka 2014 alikuwa na Seattle Sounders iliponyakua Kombe la Wazi la Marekani na ngao ya timu yenye pointi nyingi zaidi katika msimu wa MLS. Kiungo huyo mkabaji aliiwakilisha Uganda katika Fainali za Mataifa ya Afrika mwaka 2019 nchini Misri.

Kizazi kilichofuata kilipata njia fupi zaidi. Edward Kizza wa Uganda na Philip Mayaka wa Kenya wote walianzia Montverde, shule ya sekondari ya Florida yenye timu ya soka inayofahamika nchini humo. Kizza alikwenda Chuo Kikuu cha Pittsburgh na kuchaguliwa na New England Revolution mwaka 2020. Mayaka alikwenda Clemson, na katika uteuzi wa mwaka 2021 alichukuliwa na Colorado Rapids akiwa mchezaji wa tatu kwa jumla kuitwa.

Tanzania nayo si ngeni katika njia hii, ingawa ilipitia mchezo mwingine. Suleiman Nyambui, mwanariadha kutoka mkoa wa Mara, alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas huko El Paso alipotwaa ubingwa wa vyuo wa mita 10,000 mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982. Medali yake ya fedha ya mita 5,000 katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980 aliipata katika kipindi hichohicho.

Howard na kesi ya wageni

Wageni hawakupokelewa kwa mikono miwili tangu mwanzo. Anayetaka kuelewa hali hiyo hana budi kurudi mwaka 1971, katika Chuo Kikuu cha Howard, Washington D.C., ambacho kihistoria ni chuo cha watu weusi.

Kocha wa timu hiyo, Lincoln Phillips, alikuwa mhamiaji kutoka Trinidad, na kikosi chake kilijengwa kwa wanafunzi wa visiwa vya Karibi na wa Afrika. Desemba 1971, mjini Miami, Howard iliifunga St. Louis mabao 3-2 na kutwaa ubingwa wa vyuo. St. Louis ndiyo iliyokuwa ikitawala mchezo huo tangu mashindano yaanzishwe mwaka 1959.

Furaha haikudumu. Chama cha Kitaifa cha Michezo ya Vyuo (NCAA) kilifanya uchunguzi, na mwaka 1973 kikaivua Howard ubingwa huo, kwa madai kwamba baadhi ya wachezaji hawakustahili kucheza. Miongoni mwa hoja ilikuwa kanuni iliyowahusu wageni peke yao: mwanafunzi wa kigeni aliyekuwa ameshiriki mashindano nchini kwake baada ya umri fulani alipunguziwa miaka ya kucheza chuoni. Mmarekani aliyefanya jambo hilohilo nchini mwake hakuguswa.

Howard ilikwenda mahakamani. Mahakama ilikubali baadhi ya kanuni za NCAA, lakini ilitamka kwamba hiyo ya wageni ilikuwa ya kibaguzi na kinyume cha Katiba. Mahakama ya rufaa ilikubaliana na uamuzi huo mwaka 1975. Kabla ya hukumu ya rufaa kutoka, timu ilikwisha kujibu kwa miguu. Katika msimu wa 1974 Howard ilishinda mechi zake zote 19. Fainali ilichezwa St. Louis, nyumbani kwa wapinzani walewale, ikaamuliwa katika kipindi cha nne cha muda wa nyongeza, kwa mabao 2-1. Howard ikawa chuo cha kwanza cha watu weusi kutwaa ubingwa wa daraja la kwanza la NCAA katika mchezo wowote.

Kila mchezaji wa Nairobi, Kampala au Mombasa aliyepita njia hiyo baadaye amefaidika na mapambano hayo, awe anayafahamu au hayafahamu.

Mfumo unavyofanya kazi

NCAA, iliyoanzishwa mwaka 1906, husimamia vyuo zaidi ya 1,000 katika madaraja matatu. Daraja la kwanza na la pili hutoa ufadhili wa masomo kwa wanamichezo. Daraja la tatu halitoi ufadhili wa michezo, ila mwanafunzi anaweza kusaidiwa kwa sababu ya alama zake nzuri au hali ya familia yake. Nje ya NCAA kuna NAIA, na vilevile chama cha vyuo vya miaka miwili, NJCAA, ambavyo mara nyingi huwa rahisi zaidi kuingia na kutumiwa kama daraja la kuvukia.

Wazazi wengi hudhani kwamba ufadhili maana yake ni kulipiwa kila kitu. Ukweli ni mwingine. Kwa miaka mingi timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliruhusiwa ufadhili kamili usiozidi 9.9, na kocha aliugawa kwa wachezaji zaidi ya 20. Mmoja alipata nusu, mwingine robo, mwingine vitabu tu. Kuanzia msimu wa 2025/26, baada ya maridhiano ya kesi kubwa mahakamani, vyuo vilivyojiunga na utaratibu mpya vimeondolewa kikomo hicho na kuwekewa ukomo wa wachezaji 28 kikosini. Hata hivyo, kuruhusiwa kutoa fedha na kuwa nazo ni mambo mawili tofauti.

Kuhusu masomo, mchezaji wa daraja la kwanza hutakiwa kuwa amefaulu masomo 16 ya msingi ya sekondari kwa wastani usiopungua 2.3 katika mizani ya 4. Matokeo yake hupelekwa katika kituo maalumu cha NCAA kinachokagua vyeti vya kila nchi. Aidha, vyuo vingi hudai mtihani wa Kiingereza kwa wageni.

Yapo mambo mengine mawili ambayo yamewaponza wengi. Kwanza ni fedha: mchezaji aliyesaini mkataba wa kulipwa na klabu, hata mdogo, anaweza kupoteza sifa ya kucheza chuoni. Pili ni muda: kanuni zimekuwa zikimpa mwanasoka takriban mwaka mmoja tu baada ya kumaliza sekondari, akiendelea na mashindano rasmi zaidi ya hapo, hupunguziwa misimu. Kijana anayekaa miaka mitatu akisubiri wakala amtafutie timu anaweza kukuta mlango umefungwa, na hakuna aliyemwambia. Kanuni hizi hubadilika, hivyo ni vema kuzisoma kutoka NCAA yenyewe kuliko kumtegemea mtu wa kati anayedai malipo.

Nafasi ya wasichana

Jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha ni kwamba nafasi za wasichana ni nyingi kuliko za wavulana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1972 iliyopiga marufuku ubaguzi wa jinsia katika taasisi za elimu zinazopata fedha za serikali ilivilazimu vyuo kuongeza timu za wanawake, na soka ilinufaika kuliko michezo mingi. Timu za wanawake za daraja la kwanza zimezidi 330, wakati za wanaume ni zaidi kidogo ya 200. Hata ukomo wa zamani wa ufadhili ulikuwa mkubwa kwao: 14 dhidi ya 9.9.

Sandra Nabweteme wa Uganda aliitumia nafasi hiyo. Alicheza Chuo Kikuu cha Southwestern Oklahoma State, cha daraja la pili, akawa mfungaji tegemeo wa timu, na baadaye akaendelea na soka ya kulipwa nchini Iceland. Msichana wa Singida anayekatazwa mpira kwa kuwa eti utamharibia masomo anaweza kuwa ananyimwa njia ya kuyalipia masomo hayo.

Milango inayofungwa

Si haki kumweleza msomaji habari njema peke yake. Njia waliyopita Handwalla na Kamungo, ya familia ya wakimbizi kupewa makazi mapya Marekani, ilisimamishwa kwa amri ya serikali ya nchi hiyo Januari 2025. Desemba 2025 ilitangazwa kwamba raia wa Tanzania nao watawekewa vikwazo vya viza, zikiwamo za wanafunzi, kuanzia Januari 1, 2026. Amri za namna hii huwekwa, huondolewa na huwa na misamaha, kwa hiyo familia yenye nia ni lazima iulize ubalozini kabla ya kulipa shilingi yoyote.

Lakini hata mlango huo ukifungwa, kilichofunzwa na vijana hawa hakifi. Masomo yaliyompeleka mtu Washington au Pittsburgh ndiyo hayohayo yatakayomfungulia vyuo vya hapa nchini.

Funzo kwa Singida

Mkoa wa Singida umekwisha kuionyesha dunia kwamba vumbi lake huzaa mabingwa. Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa huo, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo, Septemba 2025. Katika soka, Singida United ilipanda Ligi Kuu mwaka 2017 na mwaka uliofuata ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ambako ilifungwa na Mtibwa Sugar mabao 3-2. Mtoto wa Mwankoko hana haja ya kusafiri mbali kuuona mpira mkubwa. Uwanja wa Liti uko katika manispaa yake.

Anachohitaji ni watu wazima wasiomlazimisha kuchagua. Mwalimu wa michezo anayeuliza alama za hisabati za mshambuliaji wake. Mzazi anayetunza cheti cha kuzaliwa na ripoti za shule tangu darasa la kwanza, maana umri wa kughushi ukigundulika hufuta kila kitu. Na kiongozi wa kata anayeona kuwa shule kuwa na mpira wa ngozi na kitabu cha Kiingereza ni jambo moja.

Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Vijana tuliowataja waliinama mara mbili: juu ya mpira mchana, na juu ya daftari usiku. Baadhi yao walizaliwa mahali ambapo taa ya kusomea ilikuwa anasa. Mtoto anayesoma kwa kibatari Mwankoko leo hajaachwa mbali nao kama anavyodhani, iwapo tu hatatolewa darasani kwa sababu ana mguu mzuri.